Chaki Chini ya Kizingiti

Ugali wa mtu mmoja haukubali kuwa ugali. Unga kidogo, maji kidogo, mwiko unagongagonga sufuria, na ukiupakua unakaa kwenye sahani kama ngumi ya mtoto. Hayo niliyajua mwaka aliofariki mume wangu, Maige. Mabinti walikuwa wameshaolewa mbali. Donatus, mwanangu wa mwisho, alikwenda Nkome kuvua, akasema atarudi msimu ukiisha, na msimu wa ziwani, nilikuja kugundua, hauishi. Mara moja moja alinitumia dagaa kwa mtu anayepita, wamefungwa kwenye gazeti. Gazeti lile nililisoma lote, hata pale lilipoloa.

Jioni nilisali rozari. Rozari inataka watu wa pande mbili, mmoja aanze na mwingine aitikie. Maige ndiye aliyekuwa akianza, mimi naitikia. Alipoondoka nikawa naanza mwenyewe na kuitikia mwenyewe, na kila nikimaliza sehemu yake nilinyamaza kidogo kabla ya kushika yangu. Sijui nilikuwa nangoja nini. Kuku walikuwa wananisikiliza kutoka chini ya kitanda.

Kwa hiyo mwaka ule serikali iliposema kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, wakaja kwetu, ng'ambo ya mto ukitokea Didia, kutafuta walimu wa kujitolea, mimi niliinua mkono. Nilikuwa na darasa la nne la misheni na mwandiko unaosomeka. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu kwamba nalipenda taifa. Taifa nalipenda. Lakini nilikuwa natafuta pia mahali ambapo mchana mtu ataniita.

Tulipewa ghala la pamba la chama cha ushirika, ambalo kati ya kupanda na kuvuna huwa tupu. Halina madirisha. Mwanga wote huingia kwa mlango, na ubao wetu uliegemezwa ukuta wa mwisho kabisa, kwa kuwa ndio ukuta pekee usiovuja. Wanawake walikuja baada ya shamba na wachanga mgongoni, wakakaa juu ya magunia matupu, nikawagawia vitabu vya kisomo. Vilikuwa vitabu vya pamba. Panda pamba mapema. Palilia pamba mapema. Ng'oa mabua, choma mabua. Mabwana waliovitunga walidhani mkulima atafurahi kusoma habari za kazi yake.

Generosa, mwanamke mrefu ambaye kaka zake wana ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote kijijini, aliniuliza kama aliyeandika kitabu hiki amewahi kushika jembe, maana yeye ametoka kupalilia sasa hivi na kitabu kinamwambia akapalilie. Wengine wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa wiki nyingi. Mageni hakucheka hata hapo. Mageni alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na kitabu chake alikitumia kufunika uso nzi wasimsumbue akilala. Sikumwamsha. Mtu aliyeamka jogoo wa kwanza utamwamsha ili umwambie nini, kwamba pamba ni mali?

Wakaanza kupungua. Huyu mtoto anaumwa, yule ana mgeni, mwingine hakusema kitu, gunia lake likabaki na mahali palipobonyea. Afisa aliyesimamia madarasa yetu, ambaye sisi tulimwita Bwana Kisomo, akaja na baiskeli yake akatukuta wachache tukisinzia. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia pembeni kwamba atarudi baada ya Pasaka, na kama darasa litakuwa hivi, itabidi lifungwe na ubao upelekwe kijiji kingine chenye hamu. Ubao ni mmoja, vijiji ni vingi. Nikamwambia nimeelewa.

Nililielewa hilo vizuri zaidi nilipofika nyumbani. Ubao ukiondoka, ningekuwa nafunga mlango jua likiwa bado liko juu.

Sasa nieleze kitu kwa wasio wa kwetu. Usukumani kila ukoo una upande wake katika mbina, yaani mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno. Kuna Wagika na kuna Wagalu. Hucheza siku moja katika uwanja mmoja, huku na huku, na watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda ule kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Upande uliobaki na watu ndio umeshinda, na ulioachwa huimbiwa mpaka mwaka unaofuata. Sisi tuliobatizwa tulikatazwa mbina. Kanisa halikugombana na miguu, liligombana na dawa, maana hakuna manju, yule kiongozi wa waimbaji, anayeingia uwanjani bila kupita kwa mganga kwanza. Mimi sikuwa nimekanyaga uwanja wa mbina tangu ubatizo wangu.

Basi siku moja tulikuwa tunapalilia kwa pamoja shamba la akina Generosa, wanawake tumejipanga mstari. Mageni, ambaye kwao ni Wagalu, akaanza wimbo wa kuwacheka watu wenye mashamba makubwa na miguu myembamba. Generosa, ambaye kaka zake ni Wagika, hakungoja. Akamjibu kwa wimbo wa mwanamke anayelala mpaka mwiko unaota mizizi. Mageni akalichukua neno lile lile la mwisho, akaligeuza, akalirudisha. Mstari mzima ulikuwa umeamka. Walikumbuka kila ubeti kwa kuusikia mara moja, na waliokuwa hawaji darasani tena walikuwa pale, macho makali, wanangoja zamu. Mimi nilikuwa nyuma na jembe langu, nikasimama. Ni wanawake wale wale. Sikuwa na wanafunzi wazito wa kichwa. Nilikuwa na kitabu kizito.

Nilimwendea Katekista Makoye kabla sijafanya lolote, kwa kuwa sikutaka alisikie kwa watu. Nikamweleza kwamba nataka kugawa darasa pande mbili kama mbina, washindane kusoma. Alikuwa anashona kiatu chake. Akasema mradi ngoma isipigwe na mtu asivae njuga, yeye haoni neno.

Nikachora mstari wa chaki katikati ya ubao, toka juu mpaka chini. Huku Wagika, huku Wagalu. Nikawaambia kila upande utauandikia upande mwingine maneno, na mwingine lazima usome mbele ya wote. Vitabu vya pamba nikavirudisha kwenye kasha.

Siku ya kwanza walikuwa na aibu. Wakaandikiana chumvi, mbuzi, maji. Siku iliyofuata Generosa akaja mbele, akashika chaki kama anavyoshika mwiko, akaandika polepole sana, ulimi nje, kisha akarudi kukaa. Nikamwita Mageni asome. Mageni akaweka kidole ubaoni. Akasoma jina lake mwenyewe, akafurahi, akageuka kutuonyesha kwamba ni jina lake. Akaendelea: a-na, akapumua, a-na-ko, akapumua tena, a-na-ko-ro. Tuliiona habari ikimfikia. Wagika walikuwa wamejifunika midomo kwa kanga.

“Anakoroma,” akasema Mageni kwa sauti ya chini. Akamtazama Generosa, akautazama ubao, akamtazama tena Generosa. “Yaani hili neno litakaa hapa hata mimi nikienda nyumbani?”

Nikamwambia litakaa mpaka mtu alifute.

“Basi mtu asilifute. Nitalijibu kesho.”

Akalijibu. Kesho yake alikuja amejifunza kwa kijiti kwenye tope la kisimani, akaandika Generosa ana miguu ya korongo, na herufi zake zilikuwa kubwa mpaka zikavuka mstari wa chaki kuingia upande wa Wagika, jambo lililoleta ugomvi wa pekee. Tangu siku hiyo magunia hayakutosha. Waliokuwa wameacha wakarudi, na walioolewa juzi wakaja, na bibi mmoja ambaye hakuweza kuona ubao akawa anakaa kwa Wagalu ili azomee tu. Walitaka kujua kuandika majina ya ng'ombe wa baba zao, majina ya mito, majina ya wanaume waliowakataa. Waume walinilalamikia kwamba maji yanachelewa kufika nyumbani kwa sababu wanawake wanachora chini kisimani. Niliwapa pole. Moyoni nilimshukuru Mungu, na jioni nilikuwa nachelewa kurudi kwangu, nikikuta kuku wameshalala.

Bwana Kisomo alituma habari kwamba atakuja Alhamisi baada ya Pasaka. Nikawaambia wanawake kwamba watashindana mbele yake, na kwamba akiondoka ameridhika ubao unabaki, akiondoka hakuridhika ubao unaondoka naye. Hawakujali sana la ubao. La kushindana mbele ya mgeni ndilo lililowaingia.

Nami nina tabia ya kutazama. Wiki ile ya mashindano niligundua kwamba chaki moja ndefu, iliyokatika ncha, haimo kashani. Kisha Jumanne niliona udongo wa mlangoni, pale chini ya kizingiti kwa upande wa kulia ambako Wagika hupita kwenda kukaa, umeguswa na kukandamizwa kwa kisigino. Na Wagalu wote walikuwa wanaingia wakibana ubavu wa kushoto, hata yule bibi asiyeona. Nilitaka kujua ni nini kabla ya kusema.

Habari yenyewe nilikuja kusimuliwa na Mageni mwenyewe baadaye. Wagalu walikuwa wameanza kushindwa, na kwa akili ya mtu wa mbina, upande ukishindwa mara nyingi si miguu, ni dawa. Kwa hiyo Mageni akavuka mto kwenda kwa mganga Maduhu. Maduhu alikuwa na dawa ya ngoma, dawa ya kesi, dawa ya bao na dawa ya kupendwa na mama mkwe, lakini dawa ya kusoma hajawahi kuombwa. Akafikiri. Akamuuliza kusoma kunafananaje. Mageni akamchorea jina lake chini. Maduhu akalizunguka lile jina, akasema amletee kitu kinachofanya hiyo kazi. Ndipo chaki ikaenda.

Jumatano, siku moja kabla ya Bwana Kisomo, nilifika nikakuta wanawake wote wako nje ya ghala. Wagika walikuwa wamesimama pamoja mbali na mlango. Wagalu walikuwa wameegemea ukuta, wanatazama vidole vyao vya miguu. Watoto waliacha kulia, kama watoto wanavyojua.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema Generosa.

“Marahaba. Mbona jua linawachoma?”

“Hapo chini pana kitu. Sisi hatupiti.”

Akaniambia kaka yake atakwenda Shinyanga mjini, Ngokolo, kuna mganga huko anatibu mpaka makarani, atakuja kuitoa hiyo takataka na kuirudisha kwa mwenyewe. Nikauliza atafika lini. Akasema Jumapili, labda Jumatatu. Nikamwambia Bwana Kisomo anakuja kesho. Akasema anajua, lakini yeye ana watoto wadogo.

Sikumcheka. Dawa iliyozikwa haitolewi na kila mtu. Huitoa aliyeizika, au mganga mkubwa kuliko wake. Mtu wa kawaida akiigusa huugua. Na akiigusa asiugue, hilo ni baya zaidi, maana watasema ni mchawi, hasa akiwa mwanamke aliyekwisha kuzeeka, asiye na mume, anayelala peke yake, na ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mimi nilikuwa na macho hayo. Nilijua majina ya wanawake waliofukuzwa vijijini mwao kwa macho hayo, na wengine hawakufukuzwa tu.

Nikamtazama Mageni. Alikuwa ananitazama, nikajua ni yeye. Nikaona kwamba nikimwambia aitoe, nitakuwa nimemtaja mbele ya Wagika. Hapo pasingekuwa na darasa kesho wala mwezi ujao, pangekuwa na fimbo. Na nikirudi nyumbani kama mtu mwenye akili, ubao unakwenda.

Nikapiga ishara ya msalaba, nikapiga magoti. Nilikuwa na rula ya mbao, nikachimba nayo. Nyuma yangu niliwasikia wakirudi hatua nyuma, wote, Wagika na Wagalu, miguu yao ikikwaruza changarawe. Kitu chenyewe hakikuwa chini sana. Ni kitambaa cheusi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Nikakifungua hapo hapo, polepole, ili wote waone mikono yangu. Ndani mlikuwa na unga wa mizizi na unga mweupe, na katikati yake chaki yangu, nusu yake nzima kabisa, ncha imekatika vile vile. Maduhu alichoka kusaga.

Nikaipuliza. Nikaipangusa kwenye kanga yangu.

“Hii ni chaki ya darasa,” nikasema. “Niliitafuta.”

Nikaingia ndani peke yangu, nikaenda mpaka ukuta wa mwisho, nikaandika kwa herufi kubwa: HII NI CHAKI. Nikasimama kando. Kutoka kwenye jua mtu angeweza kuona herufi hizo kwa shida, niliweza kuwaona wakikunja macho. Kisha sauti nzito ya Mageni ikaanza, hi-i ni, na kabla hajamaliza, sauti ya Generosa ikapita juu yake ikamalizia. Hakuweza kuvumilia. Alikuwa na hofu ya kweli, lakini Mgalu alikuwa anasoma na yeye amenyamaza.

Basi nikaandika sentensi ya pili. Hii niliiandika ndogo, ndogo kama ya kwenye vitabu, upande wa Wagika wa ule mstari. Nikawaambia kwamba sentensi hii inawahusu Wagika.

Wakanyoosha shingo. Mageni, ambaye naye hakuona kitu, akaanza kucheka kana kwamba ameshaisoma. Wagalu wote wakacheka naye. Yule bibi asiyeona alicheka kuliko wote, akasema maskini Wagika, leo wamepatikana. Generosa akamuuliza Mageni imeandikwaje. Mageni akasema kama mtu ana macho si asome. Generosa akaja mpaka mlangoni. Akasimama. Nilimwona akikitazama kile kishimo nilichokiacha wazi, na kitambaa kitupu kando yake. Akamvuta mtoto wake vizuri mgongoni, akaruka, ile miguu ya korongo, akatua ndani, akaja mbio mpaka ubaoni, kidole mbele.

“Wa-gi-ka,” akasoma. “Wa-ko. Nje.”

Akanigeukia. Alikuwa anahema.

“Mwalimu, umeandika uongo. Mimi niko ndani.”

Nikampa chaki ile ile asahihishe. Aliitazama kidogo tu. Akaishika, akafuta nje kwa kiganja, akaandika ndani, na alipomaliza kuandika ikawa kweli, maana Wagika wote walikuwa wameingia kusoma walichosemwa, na Wagalu walikuwa wanasukumana mlangoni kwa kuogopa kuachwa.

Alhamisi Bwana Kisomo alikaa kwenye gunia akasikiliza mpaka jua likageuka. Wagika walishinda, Wagalu walikataa matokeo. Aliniuliza ule mstari katikati ya ubao ni wa nini, nikamwambia ni wa unadhifu. Akasema hajaona darasa kama hili. Akasema ubao ubaki, na atatuletea vitabu zaidi, vya ufugaji wa kuku. Nikamshukuru.

Baada ya hapo watu wakangoja.

Hawakuniambia wanangoja nini, ila nilijua. Niliwaona wananitazama mikono. Wiki ikaisha, sikuugua. Mwezi ukaandama, sikuugua. Nitasema kweli, nilitamani hata homa kidogo. Nilikaa mlangoni kwangu nikijisikiliza kama mtu anayesubiri mvua, lakini mwili wangu ulikuwa mzima kama wa ng'ombe. Kuku wangu nao walitaga vizuri mwaka ule kuliko miaka yote. Hata hilo lilionekana.

Kisimani nikifika, ndoo zilisogezwa. Si kwa ubaya, walinipisha tu, wakanisalimia kwa heshima kubwa mno, na mazungumzo niliyoyasikia kutoka mbali yalikuwa yamekwisha nilipofika. Katekista Makoye alinijia Jumamosi, akakataa kukaa. Alisema amesikia nimeshika dawa kwa mikono na nikaandikia watu kwa dawa. Nikamwambia niliandika kwa chaki. Akasema yeye ananiamini, ila waumini wanyonge watakwazika, hivyo nisikaribie meza ya Bwana mpaka Padre aje, na rozari ya chama chetu cha Legio ya Maria, niliyokuwa naiongoza mimi, ataiongoza mwingine kwa sasa. Nikasema ndiyo, Katekista. Jumapili hiyo nilikaa benchi la nyuma. Benchi lote lilikuwa langu.

Padre alikuja mvua zilipokatika na mto ukapitika kwa gari. Alinisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani, akanirudishia komunyo siku ile ile. Lakini kisima si cha Padre.

Darasani, kitu cha ajabu, hawakuniogopa. Nikiwa mbele ya ubao nilikuwa Mwalimu, walinibishia, walinivuta kanga, walinisukuma waone vizuri. Waliandika sentensi ndefu mpaka zikakunja kona. Walianza kutukanana kwa mithali. Nikitoka mlangoni, kwenye jua, nilikuwa yule bibi aliyeshika dawa ikamwacha. Walikwenda makundi makundi, bado wanabishana, na mimi nilikwenda kwa njia yangu.

Pamba ikaanza kuingia ghalani, ikabidi tuhame. Uwanja wangu ni mpana, naufagia kila asubuhi, na una kivuli cha nyumba tangu saa tisa. Hakuna aliyeutaja, nami sikuutaja. Ubao ulikwenda barazani kwa Generosa. Niliubeba mwenyewe upande mmoja, Mageni upande mwingine.

Ni Mageni aliyekuja, jioni moja jua lilipokuwa linazama, mbina zimeshaanza huko uwanjani na ngoma zinasikika mpaka kwangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na rozari. Alipiga hodi akiwa bado mbali, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akazunguka maneno kwa muda mrefu. Ndipo aliponieleza habari za Maduhu na jinsi alivyolizunguka jina lake pale chini. Hakuomba radhi wala mimi sikumdai. Kisha akasema kilichomleta. Generosa amepata kitabu kwa kaka yake, anakisoma kwa siri, wiki ijayo atawamaliza. Yeye anataka kitabu kisicho na pamba wala kuku.

Nikamkaribisha chakula kwanza. Akasema ameshakula. Nilimtazama, na alitazama kando. Hata yeye.

Kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja, kitabu cha sala, kurasa zake zimelainika kwa vidole vya Maige. Nikamwambia hiki ni cha dini, na wewe hukubatizwa. Akasema yeye hana haja na dini, ana haja na maneno. Nikamfungulia kwenye Salamu Maria, kwa kuwa ni fupi na herufi zake ni kubwa. Nikamwonyesha kwamba ina sehemu mbili, hapa mmoja anaanza, hapa mwingine anaitikia. Akasema kumbe na nyie mna Wagika na Wagalu. Akataka apewe upande wa kuitikia, maana ndio wenye kujibu.

Nikasoma sehemu ya Maige. Mageni akaweka kidole, akaanza sehemu yangu, silabi moja moja, kwa sauti yake ile nzito, akajikwaa, akarudi, akajikwaa pale pale, akasonya, akarudi tena. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Nilimngoja. Akafika kwenye saa ya kufa kwetu, akaisoma kama anavyosoma mbuzi au chumvi, akavuka, akamaliza, akapangusa uso kwa kanga.

“Inayofuata?” akauliza.

“Ni hiyo hiyo.”

“Tena?”

“Tena.”

Akacheka, akasema huyu mwandishi alikuwa mvivu. Aliutazama ukurasa, akatafuta mahali pake, akaweka kidole. Akaningoja nianze.